Mshale Chini ya Doa

Majina ya watu hayanitoki kichwani. Nikianza, naweza kukutajia wanawake wote tulioanika nao dagaa pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, tangu enzi za kuanika mchangani kabla ya kuja vichanja: Minza mke wa Shija, Sayi, Nkwimba mwenye kigugumizi, Milembe aliyehamia Busisi, Holo mkubwa na Holo mdogo. La mzee ninayemwandika hapa pia ninalo, la ubatizo na la kwao. Siliandiki. Limetajwa vibaya vya kutosha, na wapo ambao hawalitaji bila kutema mate kwanza. Nitamwita tulivyomwita sote, Baharia.

Wanasema kioo chake kiliua watu. Kati ya hao watu yumo Kabula, mwanangu wa kwanza. Kwa hiyo mtu asidhani namwandika mzee huyu kwa sababu mimi sikuguswa. Namwandika kwa sababu asubuhi ile nilisimama naye mbele ya hicho kioo, na swali lililomlia maisha yake alikuwa ananiuliza mimi.

Alifanya kazi kwenye meli ya mizigo mpaka ilipochoka, ikavutwa pembeni, ikakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Wenzake walitoka na mbao na kamba. Mmoja alitoka na sinki zima la kunawia, akalibeba kichwani hadi kwake. Yeye alitoka na kitu cha mviringo, ukubwa wa sahani, fremu ya shaba, kioo mbele, na ndani mshale mweusi. Jina lake baromita. Kinapima uzito wa hewa. Sisi tulikiita kioo, na hakuna aliyeuliza kioo kipi.

Alikining'iniza ukutani ndani ya mlango, mahali pasipopigwa na jua. Kabla ya kukisoma alikigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama unavyogonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mshale hunata, alisema, ukiugonga unakwambia ukweli. Akawa na tabia hiyo hata kwenye vitu vingine. Tikiti maji aligonga. Meza kabla ya kula aligonga. Mtoto akimwambia uongo, alimgonga paji la uso kwa kidole kile kile na kungoja.

Alikuwa baharia asiyejua kuogelea. Hilo lilitushangaza mpaka tukazoea. Alinawa miguu ziwani akiwa ameshika mwamba. Dagaa hakula, alisema harufu yao anaivuta bure kutwa nzima, ya nini kuinunua. Kiberiti alikifunga kwenye kitambaa kama dhahabu, ukimwomba njiti moja anakuuliza ya kazi gani, lakini ukiuguliwa alikuachia kitanda chake na kulala kwenye jamvi. Na vijana, siku hizi ambapo baharia kwao maana yake ni mwanamume mwenye wanawake wengi, hawakumwacha apite.

"Shikamoo, Baharia! Leo una wangapi?"

"Marahaba. Ninaye mmoja tu, mama yako, na anakutafuta ukachote maji."

Sisi waanikaji tulimhitaji kuliko wavuvi. Dagaa wakishuka alfajiri unawatandaza jua likichomoza, na kufikia alasiri wawe wamekauka, wanalia ukiwashika. Mvua moja tu katikati, wamekwisha. Wanageuka chakula cha kuku, na wewe uliyekopa ndoo ya dagaa unabaki unaangalia juu. Kwa hiyo kila asubuhi tulijipanga mlangoni kwake na mabeseni kichwani.

"Baharia, tuanike?"

Kidole kwenye kioo, ngo, ngo. Halafu: "Anikeni, lakini turubai lisikae mbali." Au: "Leo msinitafute, mwombeni Mungu wenu." Neno mvua hakulitamka. Alisema hewa imepungua, hewa imejaa, hewa imekaa vibaya. Ulikuwa unamwelewa.

Mwanzoni hatukuelewa kitu. Minza alimkalia kooni siku moja. "Hewa ina uzito gani, wakati haionekani hata kwenye mizani?" Aliingia ndani akatoka na dumu tupu la mafuta ya kula na sufuria la maji ya moto. Akamimina, akatikisa, akamwaga, akafunga kifuniko kwa nguvu, kisha akalimwagia lile dumu maji ya ziwa kwa juu. Tukasikia krra! Dumu likajikunja lenyewe, likabonyea mbavu zote mbili kama ng'ombe wa kiangazi. Nkwimba alikimbia na kanga ikabaki.

"Nani kaliminya?" akatuuliza.

"Shetani," nikasema mimi.

"Hewa, Mama Kabula. Ya ndani nimeifukuza, ya nje imekosa wa kusukumana naye. Hiyo hiyo imekukalia wewe mgongoni toka umezaliwa."

"Kumbe ndiyo maana mgongo unaniuma," Minza akasema.

"Wewe mgongo unakuuma kwa sababu Shija hataki kununua mkokoteni."

Mkewe, Nyangeta, akatoa kichwa dirishani: "Na dumu langu nani atalirudisha mbavu zake?"

Tunaishi chini ya ziwa jingine, alituambia, ziwa la hewa, na sisi ni furu, visamaki wa huko chini kabisa. Ukipanda mlimani, hewa iliyo juu yako inapungua kwa sababu nyingine umeiacha chini. Hilo lilinikaa kichwani kwa sababu ya shemeji yangu Masanja, mwenye duka la vifaa kule Mabatini. Mtu alimletea baromita kutoka Dar es Salaam, mpya, inang'aa. Alipoitundika tu dukani, mshale ukaanguka mpaka mwisho kabisa, kwenye neno la Kizungu la tufani, ukakaa huko. Masanja akafunga duka. Siku ya pili akafunga. Siku ya tatu akaleta watu wa maombi. Jua lilikuwa linawaka mpaka lami inanata viatuni. Baharia alipopelekwa kukiona alicheka mpaka akakaa chini kwenye mfuko wa saruji.

"Masanja, hakuna tufani. Kioo chako kimezoea pwani. Kimepanda huku juu kwetu, kimeona hewa chache, kinadhani dunia imeharibika. Nipe bisibisi ndogo."

Nyuma yake kulikuwa na skrubu. Akaizungusha kidogo, mshale ukarudi mahali pake, na watu wa maombi wakadai ni wao.

Sisi nasi tulikuwa na aibu yetu. Holo mdogo alipita mlangoni kwa Baharia adhuhuri moja, akagonga kioo kama alivyomwona akifanya, akaona mshale umeshuka sana kuliko asubuhi. Akapiga yowe. Tulikusanya dagaa wote, nusu wabichi, tukawarundika chini ya maturubai na kukaa juu yake tukingoja. Mvua gani! Lile jua liliwapika humo ndani mpaka wakatoa mvuke. Tulinuka wiki nzima. Baharia aliporudi na kukuta hivyo hakucheka kama alivyomcheka Masanja. Alituhurumia.

Ndipo alipotuambia kwamba hewa ya huku kwetu, karibu na ikweta, ina mwendo wake wa kila siku. Inazidi uzito mpaka saa nne asubuhi, inapungua mpaka saa kumi alasiri, halafu inapanda tena. Iwe jua, iwe mawingu, iwe Pasaka. Ulaya mshale ukishuka hali ya hewa inabadilika kweli, kwa sababu huko hewa nzito na hewa nyepesi hupita kwa mafungu makubwa makubwa, kila fungu na siku zake. Huku mshale ukishuka, mara nyingi ni mchana tu umefika. Maneno ya Kizungu yaliyoandikwa kwenye kile kioo akayafunika kwa plasta ya kidonda. Akachukua rangi ya kucha ya Nyangeta, ile aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akaweka madoa mawili mekundu juu ya kioo: doa la juu, mahali mshale unapofika saa nne, na doa la chini, mahali unapofika saa kumi. Kati ya madoa hayo, endelea na kazi zako. Mshale ukipita chini ya doa la chini, kaa nyumbani.

Nyangeta alinuna. Lakini sisi ambao barua tulisomewa na watoto, tulisoma kioo.

Sasa, Baharia hakuwa mwongo. Hili nataka lieleweke. Alituambia mara nyingi kwamba kioo kinajua hewa iliyokikalia kichwani, basi. Ya Ukerewe hakiijui. Ya ng'ambo kule magharibi, inakotoka ile dhoruba ya kushtukiza, hakiijui mpaka ifike. Alituambia, na sisi tukaitikia ndiyo ndiyo, na kesho yake tukarudi na mabeseni. Ukishazoea kuambiwa kweli kuhusu dagaa, unaleta na mengine. Watu walianza kumwuliza siku ya kuezeka nyumba, siku ya kutoa posa, siku ya kusafiri. Naye akaanza kujibu. Hapo ndipo alipoteleza, kama aliteleza. Mtu akiulizwa kila siku, mwisho anaamini kwamba ana majibu.

Safari yenyewe ilikuwa ya msiba. Shangazi yake Nyangeta alifariki kisiwani, wanawake wakajikusanya kwenda kwa boti kusaidia kupika: sufuria, unga, mabeseni, madumu ya kuchotea maji. Kabula alikuja kunichukua kwangu nimsindikize, mimi nilikuwa nabaki na dagaa wangu, tukapita kwa Baharia pamoja kumfuata Nyangeta. Kulikuwa kweupe. Ziwa limelala. Baharia akagonga kioo, mimi niko begani kwake. Mshale ulikuwa unapanda kulielekea doa la juu, palepale unapotakiwa kuwa saa hizo.

"Tuende?" Kabula akamwuliza.

"Nendeni. Mchana mtakula huko."

Nyangeta akamwambia asisahau kumwagilia mchicha. Ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana, mchicha.

Nilikuwa nageuza dagaa wangu nilipoona magharibi pamekuwa peusi kama chungu. Baharia alikuwa ndani, mbele ya kioo. Aliniambia baadaye, na nimeliamini, kwamba mshale haukushuka. Uliruka. Ulipanda ghafla, na hapohapo bati la jiko lake likang'oka. Ile hewa nzito ya baridi inayoanguka kutoka kwenye mawingu ilifika pamoja na upepo wake, kwa mguu mmoja. Kioo kilisema kweli. Kilisema wakati kila mwenye macho alikuwa keshaona.

Boti yao ilipinduka. Hawakurudi Kabula, Nyangeta, Sayi na kichanga chake Doto, Holo mkubwa, Lukasi aliyekuwa akiongoza kwaya, na Mhoja aliyeshika injini. Milembe na Holo mdogo walipona kwa kukumbatia madumu matupu, walielea juu ya hewa iliyofungiwa humo. Jioni yake beseni la Nyangeta lilirudi mwaloni peke yake, limebinuka.

Baada ya mazishi, Lugembe, kaka yake Sayi, alikwenda kwa Baharia na nyundo. Tulimfuata, hakuna aliyemzuia. Baharia alikitoa kioo ukutani akampa mkononi. "Vunja," akasema. Lugembe alikishika muda mrefu, anahema. Halafu kidole chake, chenyewe, kikagonga, ngo, ngo. Akaangalia mshale uko wapi. Alipotambua alichokuwa anafanya akalia kwa sauti, akakirudisha mikononi mwa mzee na kuondoka. Nyundo aliisahau. Ilikaa pale mlangoni mpaka ikaota kutu.

Watu waliacha kumwuliza. Siku hizi wasichana wanaoanika wanaangalia kwenye simu, nayo simu inawaonyesha kawingu kenye radi karibu kila siku, na dagaa wanaloa vilevile. Lakini mimi niliendelea kwenda. Sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye aliyekuwa pale asubuhi ile. Wengine wote waliniita Bibi, kwa huruma, ili wasilitaje jina la marehemu. Yeye aliniita Mama Kabula bila kusita, na mimi nilikwenda kusikia hilo.

Na kila nilipokwenda, swali.

"Mama Kabula, ulikuwa begani kwangu. Mshale ulitetemeka?"

"Haukutetemeka."

"Ulikuwa wapi?"

"Unapanda kwenda doa la juu."

"Fikiri vizuri. Labda ulikuwa chini kidogo. Labda mimi sikuvaa miwani."

"Miwani ulivaa. Hukukosea, Baharia."

Alikasirika. Hilo ndilo ambalo watu wanaotema mate hawalijui: alikasirika kila nilipomwambia hakukosea. Siku moja alisimama akanishika mikono yote miwili. "Basi unaniambia hakukuwa na dalili? Unaniambia asubuhi ilikuwa nzuri, na kioo kilikuwa kizima, na mimi nilikuwa mzima, na wakafa?"

"Ndiyo."

"Toka kwangu."

Nilitoka. Juma lililofuata nilirudi, akanipa kiti, akauliza tena. Alikuwa anatafuta kosa lake kama mtu anavyotafuta ufunguo ulioangukia mchangani. Kama kosa lipo, basi dalili ilikuwepo, na dunia hii inasomeka, ni yeye tu aliyesoma vibaya. Mtu anaweza kuishi ndani ya hilo. Na mimi pia ningelipenda kosa. Kosa lina shati la kukamata. Usiku mwingi nimejaribu kuusogeza ule mshale akilini mwangu, uwe chini hata kidogo. Umekataa. Unapanda tu, taratibu, kwenda kwenye rangi ya kucha ya marehemu.

Halafu kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alimwagilia mchicha ambao haupo. Binti yake, Mkami, akaja kumchukua akakae naye Kiseke, na mzee akakubali kwa sharti la kubeba kioo mwenyewe, kifuani, amekifunga kwenye sweta.

Nilikwenda kumwona baada ya mavuno, nimemchukulia michembe, viazi vilivyokaushwa anavyovipenda. Nyumba ya Mkami iko juu, kwenye mawe. Bodaboda ilinung'unika njia nzima na dereva akanishusha kabla ya kufika. Mkami alinipokea nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee?"

"Hatulii, mama. Kila asubuhi anasimama mlangoni anatuzuia. Leo hakuna kusafiri, anasema. Watoto wanachelewa shule, baba yao anachelewa kazini, jana kambeba mzee kumtoa njiani, mzee akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Anatuonyesha kioo. Mimi sijui kukisoma."

Kilikuwa ukutani sebuleni, juu ya televisheni. Nilikigonga. Mshale ulikuwa chini ya doa la chini, mbali kabisa, na asubuhi ilikuwa bado mbichi, nje jua kali na hakuna hata wingu la kufutia jasho. Nilielewa palepale. Wamekipandisha. Madoa yale yaliwekwa chini mwaloni. Huku juu hewa ni chache, na mshale hautayafikia tena, asubuhi wala jioni. Alikuwa amekamatwa na kosa la Masanja, yeye aliyelicheka kosa la Masanja mpaka akakalia saruji.

"Mama, kuna skrubu huku nyuma," Mkami alininong'oneza. "Fundi wa simu kasema ikizungushwa kidogo mshale unapanda. Nimwite? Baba akiuona umepanda atatuachia mlango."

Baharia alikuwa ameshika mwimo wa mlango wa mbele kwa mikono miwili, mgongo umetugeukia. Amekonda, shingo kama ya mtoto. Alinisikia sauti akageuka, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Kabula."

"Mwangaluka, Baharia. Umeamkaje?"

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kiko wapi?"

Nilimwangalia Mkami, nikaangalia kioo. "Chini ya doa."

"Chini sana?"

"Chini sana."

Uso wake ulifunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu Nyangeta akiwa hai. "Nilijua," akasema. "Nilijua kingesema. Hawajaondoka?"

Mkami alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Hawajaondoka," nikasema.

"Nyangeta nitamwambia mwenyewe, yuko jikoni. Wewe kimbia kwa Kabula. Mwambie asipande boti. Mwambie mimi nimesema."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akauachia mwimo. Akatembea mpaka kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono magotini kama mtu aliyemaliza zamu.

Nje nilimwambia Mkami ile skrubu isiguswe, watoto wapitie mlango wa uani. Aliniuliza mpaka lini, nikamkabidhi michembe ya mzee. Dereva wa bodaboda alikuwa bado ananingoja. Nilimwambia aende. Nilishuka kwa miguu, polepole, mpaka ziwa likaonekana kati ya mabati, jeupe, limelala kama siku ile. Na kadiri nilivyoshuka, hewa iliniongezeka mabegani, nzito zaidi na zaidi, kama alivyotufundisha.